Panatisha, Kunatisha, Mnatisha: Hali ya Mahali katika Michezo ya Video, Ikitazamwa kutoka Horohoro

Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika shule zetu anaijua ile orodha. Fani: muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha, mandhari. Mandhari huwa mkiani, na hujibiwa kimkiamkia. Saa ya mtihani inayoyoma, msimamizi anatangaza dakika kumi zimebaki, mwanafunzi anaandika: "Mandhari ya riwaya hii ni ya kijijini na mjini." Nukta. Alama mbili mfukoni, twende mbele. Nimeandika hivyo mara nyingi mno, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyenirudishia karatasi akiuliza kijiji hicho usiku kinatoa sauti gani, au kwa nini mhusika akifika mlangoni mwa nyumba fulani msomaji anataka kumshika shati asiingie.

Makala haya yananuia kulitoa jambo hilo mkiani. Na ushahidi wangu sitautoa katika riwaya peke yake. Nitautoa zaidi katika michezo ya video, hii ambayo vijana tunaiita gemu. Najua wapo watakaokunja uso. Gemu ni uhuni, gemu ni ada ya shule iliyopotea. Sawa, ada nyingine imepotea kweli, na wazazi wana haki ya kulalamika. Lakini hebu tuvumiliane, ndugu msomaji. Kwa miaka karibu hamsini watengenezaji wa michezo hii wamekuwa wakihangaika na swali ambalo sisi wahakiki tumelipa mstari mmoja: mahali panafanyaje mpaka mtu akaogopa, akahuzunika au akatulia, kabla mhusika hajafungua mdomo? Tena lugha yetu wenyewe imeazimwa na gemu maarufu duniani ifanye kazi hiyo. Hilo la pili ndilo lililonichokoza nikashika kalamu.

Tuanze na neno. Mandhari kwa asili ni neno la Kiarabu, lina mzizi mmoja na nadhari na nadharia, na mzizi huo ni wa kutazama. Mandhari basi ni kinachotazamwa. Neno hilo linaufaa sana mlima Kilimanjaro kwenye kalenda. Baraza ya watu halilifai. Chukua nyumba moja ya Tanga mjini: majamvi yametandikwa, taa zimewashwa, mtaa mzima umejaa. Juzi palikuwa na harusi, leo pana msiba. Majamvi ni yale yale ya kuazima, taa ni zile zile, pengine hata wapishi ni wale wale na masufuria yao. Anayetazama picha haoni tofauti kubwa. Anayeingia anaijua tofauti kabla hajavua viatu. Anachokijua huyu ndicho ninachokitafuta. Wengine hukiita mazingira, lakini mazingira siku hizi yamechukuliwa na watu wa kupanda miti. Wengine husema anga, na hapo mwana wa Tanga anaweza kujivuna kidogo, maana Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliiweka nchi yake ya Kusadikika (1951) angani kabisa. Mimi nitasema hali, au hali ya mahali, kwa sababu ndivyo watu wasemavyo: hali ya pale haikuwa nzuri.

Ila sarufi yetu ina hazina kubwa kuliko msamiati. Mswahili anasema panatisha, na mtenda katika sentensi hiyo ni mahali penyewe. Hakuna mtu, mnyama wala jini aliyetajwa. Tena anachagua. Panatisha: hapa hasa, kwenye mbuyu huu. Kunatisha: huko, eneo lisilo na ukuta, hujui linaanzia wapi. Mnatisha: humo ndani. Tunafundishwa PA, KU, MU kuwa ni ngeli ya mahali, tunakariri, tunafaulu. Hakuna aliyetuambia kwamba hapo tumekabidhiwa chombo cha uhakiki. Nitakitumia katika makala haya yote, na msomaji atahukumu kama kinakata.

Sasa twende Horohoro, ambako ndiko nilikoanza kuyaona haya bila kujua kwamba nayaona.

Horohoro ni mpaka, katika wilaya ya Mkinga, kaskazini mwa Tanga. Ng'ambo ni Lunga Lunga ya Kenya, na njia inaendelea hadi Mombasa. Wadigo wako pande zote mbili. Mpaka umewakuta pale pale walipo. Barabara ya kutoka Tanga, kilometa 65, iliwekwa lami kwa msaada wa Marekani katika mkataba wa MCC wa 2008 hadi 2013. Kabla ya hapo masika ndiyo yaliyokuwa yakiamua nani afike na nani alale njiani. Lami ikaleta malori, malori yakaleta watu wa kusubiri, na mtu anayesubiri anahitaji chai, mahali pa kuchaji simu, na kitu cha kutazama. Ndivyo kilivyopatikana kibanda chetu cha gemu: chumba nyuma ya duka, televisheni mbili, PlayStation ya pili moja, na ya tatu moja iliyonunuliwa imeshatumika. Diski zilitoka Mombasa. Kaka zetu waliotutangulia walikuwa wamecheza zile mashine za kaseti za miaka ya 90, za kuiga Nintendo, ambazo kaseti yake imeandikwa kwamba ina michezo mamia, ukifungua ni ile ile kumi inajirudiarudia. Sisi tulijiona watu wa maendeleo.

Jioni moja ya mwaka 2014 tulikuwa tukicheza Resident Evil 5. Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2009. Mmarekani mmoja, Chris Redfield, anapelekwa katika eneo la kubuni la Afrika Magharibi liitwalo Kijuju, ambako watu wameingiwa na vimelea vinavyowageuza wauaji. Walioingiwa wanaitwa Majini. Naam, kwa Kiswahili, kwa maana ya pepo wabaya. Na wanapomkimbilia mchezaji na mapanga yao, wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Basi sauti ilikuwa juu. Watu wa Kijuju wakawa wanafoka, sisi tunacheka. Tulikuwa tunacheka kwa sababu maneno tuliyajua lakini lafudhi ilikuwa haina kwao. Mmoja wetu akasema huyu anayemfukuza Chris ni kama konda aliyedhulumiwa nauli. Hofu yote ambayo Wajapani wale waliigharimia ilikuwa imekwisha. Mara mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka bibi mwenye nyumba, mama wa Kidigo wa makamo ya juu, kanga mbili, tasbihi mkononi. Alidhani watu wanapigana.

"Nani wanagombana huku?"

"Shikamoo bibi. Hakuna ugomvi, ni gemu."

"Marahaba. Hao wanaopiga kelele wanataka nini?"

Mwenzetu aliyekuwa mbele kidogo kwa Kiingereza akamjibu, bila kufikiri, kwamba hao ni majini.

Bibi akanyamaza. Nje adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza inamalizika. Akatutazama mmoja mmoja, halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wanangu, jina hilo halitajwi saa hizi. Zimeni. Mtafungua baada ya isha." Akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

Tulizima. Ninaapa kwamba katika miaka yangu yote ya gemu sijapata kuogopa kama katika dakika zile, tukiwa na televisheni nyeusi mbele yetu na mlango wazi ubavuni. Mchezo uliogharimu fedha nyingi ulikuwa umeshindwa kututisha, na mama mmoja kwa sentensi tatu alipafanya pale patishe. Alikuwa na kitu gani ambacho Capcom haikuwa nacho?

Kabla ya kujibu, ni haki tuwape watengenezaji wa gemu sifa yao, maana si watu wa kubahatisha. Historia yao katika jambo hili inaanza katika umaskini. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitengeneza Space Invaders: safu za wavamizi zinashuka kutoka juu, wewe uko chini na bunduki moja. Kompyuta ya mchezo huo ilikuwa dhaifu. Wavamizi wakiwa wengi, ilielemewa kuwachora na wote walikwenda polepole. Kadiri ulivyowaua, ndivyo ilivyopata nafuu, na waliobaki wakaongeza mwendo. Chini yake kulikuwa na sauti nne za besi zinazoshuka, zikijirudia, nazo zikienda kasi pamoja nao kama moyo wa mtu anayekimbizwa. Angalia: hakuna picha ya kutisha hapo. Wavamizi wenyewe wanafanana na kaa wa pwani. Hofu yote imo katika mwendo na sauti, na nusu yake imetokana na udhaifu wa mashine.

Miaka 18 baadaye, 1996, ikaja Resident Evil ya kwanza, mzazi wa ile tuliyozimishwa. Watu wamejifungia katika jumba moja kubwa. PlayStation ya kwanza haikuweza kuchora jumba lile likizunguka, kwa hiyo kila chumba kilikuwa picha iliyochorwa kabla, na kamera imesimama pembeni mahali pamoja. Mchezaji anasikia hatua za mtu lakini kamera haijamfikia. Na kila alipofungua mlango, mashine ilihitaji muda wa kupakia chumba kinachofuata. Ili kuuficha muda huo wakaonyesha mlango mtupu, katika giza, ukifunguka polepole. Huko kusubiri ndiko kulikowaua watu roho. Hapo mnatisha: ni humo ndani, kuta zinajulikana, na ubaya umo pamoja nawe.

Kisha mwaka 1999 kampuni ya Konami ikatoa Silent Hill. Baba anamtafuta binti yake katika mji mdogo uliojaa ukungu. PlayStation haikuweza kuchora mji mpaka mbali, ndiyo maana ukawekwa ukungu, na usiku giza. Unaona hatua chache tu mbele yako. Mfukoni mwake baba ana redio ndogo mbovu, na kiumbe kibaya kikikaribia redio inaanza kukwaruza. Hujui kiko upande gani. Hiyo ni kunatisha, KU ya huko kusiko na mpaka. Mtu akinishawishi kwamba Wakonami walijifunza ngeli zetu nitakubali.

Kuna kitu hapa ambacho mtoto wa kijijini hahitaji kufafanuliwa. Bibi zetu walitamba hadithi kwa koroboi. Koroboi inamulika uso wa msimulizi na magoti ya mtoto wa mbele, basi. Zimwi likitajwa, halichorwi na yeyote. Limo katika lile giza nyuma ya mgongo wako, na wewe ndiye unayelichora kwa vitu unavyovijua. Umaskini wa mwanga ulikuwa ndio ufundi wenyewe. Niliwahi kuliona hilo kwa namna nyingine katika safari ya shule kwenda mapango ya Amboni, ambayo yako katika njia hiyo hiyo ya Horohoro, karibu kilometa nane ukikaribia Tanga mjini. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na watu mpaka leo huenda humo kwa mizimu, wakaacha sadaka zao. Mwongozaji alitueleza habari za Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humo miaka ya 50 wakisakwa na serikali ya kikoloni. Tulikuwa tunamsikiliza huku tunatafuniana njugu. Halafu akazima tochi. Hakuongeza neno. Njugu zikaacha kutafunwa.

Turudi sasa kwenye swali la bibi na Capcom. Jibu langu ni hili: hali ya mahali haitengenezwi na mtunzi peke yake. Mtunzi anazima tochi, lakini giza linajazwa na anayesikiliza, kwa mali aliyokuja nayo. Bibi alijua sisi tuna mali gani. Sote tulikuwa tumelelewa na makatazo yale yale: usipige mbinja usiku, usikae kizingitini magharibi, usizurure chini ya mbuyu jua la utosi. Alichofanya ni kuigusa akiba hiyo. Capcom walilichukua neno lakini akiba yake waliiacha huku huku pwani.

Tulitazame neno lenyewe. Pwani ya Tanga na Mombasa, jini si mzoga unaotembea. Majini wana kabila, wana dini, wapo Waislamu na wapo makafiri, wana vyakula wavipendavyo na manukato wayapendayo. Jini anaweza kurithiwa kama shamba. Anapanda kichwani, anaulizwa jina, anajibu, mnaafikiana. Ngoma za pepo za Wadigo zimejengwa juu ya mazungumzo hayo. Wengi wao makao yao ni baharini, na lugha imetufanyia mzaha mzuri hapo, kwa sababu majini ni wale viumbe na majini pia ni ndani ya maji. Kumwita Jini mtu aliyeingiwa na kimelea, asiyesikia wala kujibu, ni kumnyang'anya jini kile kinachomfanya atishe, nacho ni kwamba ana akili na ana madai. Hata jina Kijuju lina kasoro ya namna hiyo: juju ni neno la Afrika Magharibi, wakalipachika ki- ya Kiswahili, likawa kama kofia ya Lagos juu ya kanzu ya Lamu.

Mchezo huo ulizua mjadala mkubwa hata kabla haujatoka. Filamu yake ya matangazo ya mwaka 2007 ilimwonyesha mzungu akiwafyatulia risasi makundi ya Waafrika, na mwaka 2008 mwandishi wa Marekani N'Gai Croal alisema wazi kwamba picha zile zilikuwa zinachota katika historia ndefu ya kumchora mtu mweusi kama mnyama. Alisema kweli. Lakini mjadala ule ulikuwa wa macho, wa picha, wa mandhari kwa ile maana yake ya asili. Masikio hayakuzungumziwa sana. Mimi naona jambo la lugha lilistahili nafasi yake, maana Kiswahili pale kimetumiwa kama ukungu wa Silent Hill: kitu cha kumzuia mchezaji asione mbali. Mchezaji wa Osaka au Chicago anasikia kelele asizozielewa, na kutoelewa huko ndiko kunakomtisha. Kwetu sisi ukungu huo haupo. Tunaona moja kwa moja mpaka kwenye maikrofoni.

Na haki ni haki, jambo moja Capcom walipatia, sijui kwa kujua au kwa bahati. Badala ya usiku na majumba ya giza waliyoyazoea, sehemu kubwa ya Kijuju iko katika jua kali, vumbi na ukuta mweupe unaoumiza macho. Kwa mchezaji wa Ulaya huo ulikuwa uvumbuzi. Mtoto wa pwani anajua tangu zamani kwamba saa saba mchana, njia ikiwa tupu na mbuyu umesimama bila kivuli, panatisha kuliko usiku wa manane.

Kuazimwa kwa Kiswahili kwa kazi ya kutia hali hakukuanza na Capcom. Mwaka 1987 Michael Jackson alitoa wimbo wa Liberian Girl, nao unaanza kwa maneno ya Kiswahili yakisemwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Liberia na Kiswahili wapi na wapi? Lakini msikilizaji hakuombwa aelewe. Aliombwa ahisi kwamba amefika mbali. Mwaka 1994 ikaja The Lion King na kina Simba, Rafiki na Pumbaa, kwanza filamu, kisha mwaka huo huo gemu. Nadhani huo ndio mwaka ambao watoto wengi wa dunia walijifunza maneno yao mawili ya Kiswahili, na mpaka leo watalii wanatuimbia maneno hayo.

Upo mfano wa upande wa pili, na nisipoutaja nitakuwa mwongo. Mwaka 2005 ilitoka Civilization IV, mchezo wa kujenga ustaarabu tangu enzi za mawe. Mbunifu wake mkuu, Soren Johnson, alimwomba Christopher Tin, mwenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, atunge muziki wa ufunguzi. Tin akaitia muziki Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ikaimbwa na kikundi cha wanafunzi wa Stanford kiitwacho Talisman. Wimbo huo, Baba Yetu, baadaye ukarekodiwa upya na Soweto Gospel Choir, na mwezi Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kufikia hapo. Mchezaji anafungua, anaiona dunia kutoka mbali, na kwaya inaanza.

Hapa pia wengi wa wachezaji hawaelewi neno hata moja. Kwa nini basi Baba Yetu haituchekeshi kama kelele za Kijuju? Nimelifikiria sana na naona sababu iko katika kazi ambayo maneno yamepewa. Sala katika wimbo ule bado ni sala. Anayeelewa anapata zaidi ya asiyeelewa. Hanyang'anywi kitu kwa kuelewa kwake. Hiki ndicho kipimo ninachopendekeza tukitumie: hali iliyotengenezwa vizuri humpa zaidi anayejua, na ile ya kubandika huvunjika mikononi mwake. Mimi ni Mwislamu, sala ile nimeijulia kwa majirani, na bado kila nikiusikia ufunguzi ule kifua kinajaa. (Rafiki yangu wa idara ya muziki anasema kifua kinajazwa na ngoma na wingi wa sauti, na kwamba Kiswahili nakitia mimi. Tumekubaliana kutokukubaliana.)

Kipimo hicho hicho tukirudi nacho kwenye riwaya zetu tutaona mambo ambayo mstari wa "kijijini na mjini" unayaficha. Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, anaiweka maiti mzimuni. Kwa nini mzimuni? Njiani hapakuwa na nafasi? Anajua msomaji wa Unguja na wa mrima anakuja na akiba yake kuhusu mizimu, na kwa kurasa nyingi anaila akiba hiyo taratibu, mpaka Bwana Msa na kiko chake wanapoanza kufungua madirisha na kutia mwanga. Msomaji asiye na akiba atapata hadithi ya upelelezi. Mwenye nayo atapata ugomvi ndani ya nafsi yake. Mandhari hapo ndiyo mhusika anayechunguzwa.

Na wako Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi, ambaye alitutoka Januari 2020. Kila mwaka wanafunzi tunalalamika: havieleweki, hakuna mtiririko, nani ni nani? Tunavisoma tukitafuta dhamira kama anayetafuta funguo. Mimi nilivirudia baada ya kucheza Myst, gemu ya Marekani ya mwaka 1993 ambayo inakutupa katika kisiwa kitupu bila maelezo. Unatembea, unasikiliza upepo, unafungua vitabu, na kwa kutembea huko ndiko unakoelewa. Nikaanza kukisoma Nagona kwa namna hiyo, kama mahali pa kutembelea, palipo kimya, na msafiri asiyejua vizuri aendako. Sisemi nilielewa kila kitu. Ila niliacha kugombana nacho. Mzingile kwa Kiswahili ni njia za kupotezana. Jina la kitabu limetuambia tangu jaladani tutegemee nini, na sisi tunamlaumu mwandishi kwa kutupoteza. Kunatisha na kunahuzunisha mle, na nikisema hivyo katika karatasi ya mtihani nataka nipewe alama, si kuzungushiwa duara jekundu.

Mtu ataniuliza: je, sisi wenyewe tumetengeneza gemu zipi? Chache, na sitajidai nazijua zote. Wakenya walitoa Nairobi X mwaka 2015, kazi ya Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games, ambamo wageni wa kutoka anga za juu wanaivamia Nairobi. Majengo unayatambua. Hali ya Nairobi, lakini, ile ya kushika simu mfukoni kwa mkono mmoja huku unavuka barabara, sikuiona; ni mji wa risasi kama miji mingine ya gemu za risasi. Picha ya mahali imepatikana, mahali penyewe bado. Nasema hivi kwa heshima, maana ni rahisi kwangu mimi mwenye kalamu tu.

Kile ambacho watengenezaji hawajatupa, wachezaji huku kwetu hujitengenezea. Mila hiyo tulishaizoea kwenye vibanda umiza. Dar es Salaam alikuwako Lufufu, jina lake hasa Derek Gaspar Mukandala, aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake. Kenya yuko DJ Afro. Wahakiki wengine waliona ni uharibifu wa filamu. Watazamaji waliona ndiyo kwanza filamu imefunguliwa, kwa kuwa Lufufu aliwatilia ndani yake mitaa wanayoijua.

Likizo iliyopita nilipita tena Horohoro. Kibanda kipo, kimepakwa rangi, na mashine ni mpya zaidi. Za kutisha hawachezi tena. Siku hizi ni mpira tu, mechi moja baada ya nyingine. Bibi amezeeka, anakaa hapo hapo mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Vijana wawili walikuwa wanacheza, na sauti ya televisheni wameifunga kabisa. Mtangazaji wa Kiingereza hawamtaki. Kijana wa tatu, ambaye hana hata pedi mkononi, alikuwa amesimama nyuma yao anatangaza mechi nzima kwa Kiswahili, kwa pumzi moja kama wale wa redioni, uwanja ameuita Mkwakwani, na timu moja ya Ulaya ameigeuza Coastal Union. Goli likaingia dakika za mwisho. Chumba kizima kikaruka, na bibi, ambaye alikuwa hatazami, akauliza kutoka mlangoni nani amefunga.